Jina Nililolipigia Kelele Mlangoni

Alhamisi, Novemba. Saa kumi jioni na nje ni giza tayari. Mvua ya rasharasha, baridi ya kuuma masikio, na mimi nimekaa jikoni kwangu Rågsved, pembezoni mwa mji mkuu wa Uswidi, miguu ndani ya karai la maji moto, natabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Leo nimeshinda. Acha niseme hivyo tangu mwanzo, maana Jumatatu nilishindwa vibaya sana, na hilo pia nitalisimulia.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: naitwa Takeshi Mutua, Mkamba wa Kitui, mweusi tii, na mwilini mwangu hamna hata tone la damu ya Japani. Mama alishikwa na uchungu siku ambayo gari la zahanati lilikuwa bovu. Upande wetu kulikuwa na Mjapani mmoja aliyekuwa akichimba visima. Akaacha mashine yake, akampakia mama kwenye pikapu, akamfikisha hospitali ya misheni, kisha akarudi kwenye kisima chake. Nyanya yangu akakata shauri: mtoto ataitwa jina la mtu aliyemfikisha mama yake. Mjapani mwenyewe alihama kabla hajaambiwa. Kwa hiyo kuna mzee mahali fulani duniani ambaye hajui kwamba ana wajina Ukambani, na mimi sijawahi kumwambia asante.

Jina langu silionei haya. Nimeingia nalo kwenye usaili wa kazi nikakuta watu wamejiandaa kumpokea mtu mwingine kabisa. Nawaacha washangae, nacheka nao, kazi napata.

Kazi yenyewe ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Tunawaogesha, tunawapashia chakula, tunahakikisha dawa zimemezwa. Wiki iliyopita tulipewa mzee mpya kule Hässelby, mwisho wa laini ya kijani ya treni. Jina lake la ukoo siliandiki, sheria ya kazi naiheshimu. Lakini jina lake la kwanza ni Takeshi, na hilo naliandika bila kuomba ruhusa, kwa sababu ni langu pia.

Ni mzee wa miaka themanini na kitu, fundi wa lifti mstaafu. Tangu mkewe, Mswidi, afariki wakati wa kiangazi, hataki mtu. Chakula kinarudi kama kilivyoenda. Hajati Zamu, mwenzangu kutoka Uganda, mama anayeweza kubembeleza hata jiwe likasogea, alifukuzwa mara tatu. Ikabaki hivi: Alhamisi afisa wa manispaa angekuja kuamua. Mzee akiendelea kukataa kula na kukataa msaada, angehamishiwa kwenye makao ya wazee, na nyumba aliyoishi na mkewe miaka yote ndiyo basi tena.

Nikamwambia Hajati, huyo niachie mimi. Huyo ni wajina wangu.

Kwetu wajina si jambo dogo. Mtoto aliyepewa jina la babu yake mzaa mama, mama yake mzazi humwita baba. Ukimwona wajina wako sokoni unamwita kwa sauti mpaka watu wageuke, mnashikana mikono, mnataniana, hata kama ndiyo mara ya kwanza kuonana. Jina likifanana, undugu umeshaanza. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyokwenda Jumatatu asubuhi.

Alipofungua mlango kidogo tu, nikapaza sauti kwa Kiswidi: "Takeshi! Takeshi! Mimi pia ni Takeshi! Wajina wako nimekuja!" Nacheka, mkono nimeshaunyosha.

Uso wake ukabadilika. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, halafu akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Nusu saa baadaye msimamizi wetu akanipigia simu. Mzee amelalamika kwamba ametumiwa mtu wa kumdhihaki.

Mdomo uliponza kichwa.

Nikiri hapa, kwa kuwa hapa ndipo ninapokiri. Ndani ya treni nilikuwa na hasira. Nilimwita mzee mwenye kiburi, asiye na shukrani. Nilipofika katikati ya mji hasira ikaisha, ikabaki aibu, na aibu ikaniuliza: ulikwenda kumsaidia mzee, au ulikwenda kujionyesha na jina lako? Jibu sikulipenda. Nikatoa karatasi ya maelekezo yake, ile ambayo sikuwa nimeisoma mpaka chini, kwa sababu mimi najua kila kitu. Pale chini kabisa imeandikwa: mwiteni Tage. Jina la Kiswidi. Basi.

Jumanne nikamwomba msimamizi nafasi moja tu. Akakubali, kwa sharti kwamba Hajati awepo. Hajati akanihurumia kwa neno la kwao, "Bambi, nitakuja. Lakini huo mdomo wako, kaka, uuache Rågsved."

Jana tukaenda. Nilikuwa nimepika uji wa wimbi nikautia kwenye chupa ya chai, maana kwa wajina huendi mikono mitupu. Nikabisha kwa adabu. Hakufungua. Nikatoa kitambulisho changu, nikakipenyeza kwenye tundu la barua mlangoni, kikaanguka ndani. Kisha nikainama pale kwenye tundu, nikamwita Tage kama karatasi inavyosema, nikaomba radhi. Nikamsimulia habari za mama, pikapu na yule mtu wa visima. Nikamwambia kisima kile bado kinatoa maji, na kwamba mwenye jina sijamwona maishani mwangu. Nilikuwa bado naendelea Hajati aliponifinya bega. Nikanyamaza, kitu ambacho kwangu ni kazi kubwa.

Tukasikia ndara zinaburuzwa. Mlango ukafunguka.

Alikuwa ameshika kitambulisho karibu na miwani. Akaniuliza jambo moja tu: yule fundi alifika hospitali kabla mtoto hajazaliwa? Nikasema alifika, zikiwa zimebaki dakika chache. Akaitikia kwa kichwa, kama fundi anayeikubali kazi ya fundi mwenzake, akatupisha tuingie.

Mezani ndipo alipoeleza. Siku ya kwanza kazini alijitambulisha kama Tage ili asiwasumbue watu, na Tage akabaki kwa wote, mafundi na majirani. Mtu mmoja tu katika nchi hii nzima ndiye aliyemwita Takeshi, naye wamemzika. Tangu hapo hakuwa amelisikia jina lake, mpaka Jumatatu alipolisikia likipigiwa kelele kwenye ngazi na mtu anayecheka.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Machozi yakanitoka na sikuyafuta. Mzee akasukuma boksi la tishu upande wangu, akavuta kikombe cha uji upande wake. Akanywa nusu. Akasema sukari imezidi. Halafu akauliza kama lifti bado inagonga ikipita ghorofa ya pili. Inagonga, nikamwambia. Akaguna kwa kutoridhika, na Hajati akanikonyeza.

Leo asubuhi nilimnyoa ndevu mwenyewe. Mkono wangu ulikuwa imara, naomba hilo liandikwe. Afisa alipofika, mama mmoja mpole mwenye mkoba mzito, alimkuta mzee mezani, shati safi, kikombe kitupu mbele yake. Mzee akamwambia hahami. Atakula, ataoga, atakubali kusaidiwa, ila kila asubuhi aje Takeshi.

Yule mama akapekua karatasi zake. Nikaona wasiwasi unamwingia, kwamba labda mzee ameanza kupotewa na kumbukumbu. Akainama kidogo, akauliza taratibu, "Lakini Takeshi si wewe mwenyewe?"

Mzee akanitazama mimi, kisha akamgeukia.

"Tuko wawili," akasema.

Afisa akaandika. Mzee anabaki nyumbani kwake.

Maji ya karai yamepoa na wimbi nimeshaliloweka. Kesho saa moja na nusu asubuhi, sukari kijiko kimoja, nitabisha mara mbili tu, kisha nitamwita kwa jina letu, kwa sauti ya chini.