Mikono Niliyoisugua

Lupembe, Njombe
14 Aprili 2025

Mpendwa mwanangu Festo,

Kamwene! Huko Tanga mnaendeleaje? Kifua cha binti yako Elina kimepona? Sisi wazima, ila baridi imeshaanza ukali wake. Goti langu linanisumbua, lakini halijanizuia kwenda shambani.

Leo utanivumilia shangazi yako nikijisifu. Wanunuzi wa chai kutoka ng'ambo walikuja kukitazama kikundi chetu. Walikuwa wamesikia kwamba tunakata majani kwa mkasi, na tusipowaridhisha hawaichukui chai yetu. Mimi mwenyekiti ndiye niliyetakiwa kuwajibu, nikakataa mkalimani.

Wiki nzima mjukuu wangu Jackline alinifundisha neno moja, hand-picked. Kipande cha mwisho, picked, kinasema kitu kimechumwa; kinachotangulia kinasema kimechumwa na nini, yaani mkono. Hakitamkwi "pikedi". Ni "pikt", unakikata ghafla. Nililirudia mpaka kuku wakanizoea.

Asubuhi ya ugeni nikafanya kosa letu akina mama wa huku. Unajua utomvu wa chai unavyotia vidole weusi, nasi mgeni hatumpi mkono mweusi. Nikaisugua mikono yangu kwa limau na majivu mpaka ikatakata kama ya bibi harusi.

Neno nikalitamka sawasawa. Mama mmoja kati ya wageni akatabasamu, akaomba aione mikono yangu. Haina hata doa la utomvu! Festo, niliona aibu ya kufa. Kikundi kizima nimekiponza mimi.

Nilivua viatu vya kanisani, nikajitwika kikapu mgongoni, nikaingia kwenye chai na kitenge changu kipya. Majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili, bila kutazama chini. Wenzangu nao wakaingia, kila mmoja na mstari wake. Yule mama akanifuata akichungulia kikapu, na tulipofika mwisho wa mstari akalisema mwenyewe lile neno. Chai yetu wameichukua.

Sijajivuna hivi tangu ulipofaulu wewe.

Viazi debe moja nimevituma kwa basi la Makambako pamoja na barua hii. Msalimie mkeo Janeth, na umbusu Elina. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Hiyo alama nyeusi pembeni mwa karatasi si uchafu. Ni dole gumba langu, na sitalisugua tena.

Mimi nikupendaye siku zote,
Shangazi yako Hosiana