Ijumaa Nitapiga Simu Mwenyewe

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwa shangazi yako. Natumaini hujambo, unakula vizuri, na kile kikohozi ulicholalamikia kimekuachia. Mimi sijambo, kwa kipimo cha mtu anayeaga. Miguu imegoma, macho yanaona yanachotaka, na pumzi yenyewe inakuja kwa kubembelezwa. Daktari amenikataza kuzungumza sana. Mama yako anasema hiyo ndiyo dawa yangu ya kwanza iliyowatibu watu wote wa nyumba hii.

Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu. Pumzi iliyobaki nimeiweka akiba, na nitakueleza ni akiba ya nini. Barua hii anakuletea mjomba wako mkononi. Isome peke yako, ukishakula.

Nimefurahi kwamba mafunzo yako ya likizo yanakwenda vizuri na hapo redioni wameanza kukuachia meza ya mitambo. Ulinieleza studio ilivyo: mlango mnene ulioshonwa kama godoro, kioo kinachomtenga fundi na mtangazaji, taa nyekundu juu ya kioo inayowaka kipaza sauti kikiwa wazi. Nilikuitikia kama mtu anayesikia mambo mapya. Chumba hicho nakijua, mjukuu wangu. Hata ule ufa wa sakafuni karibu na mguu wa meza naujua, kwa maana siku moja niliutazama kwa muda mrefu sana nikiwa sina pa kuweka macho.

Hili sikukuambia. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, nami nilipelekwa hapo hapo kwa mafunzo ya likizo. Nilitaka kuwa mtangazaji. Nilikuwa na sauti, si hii ya sufuria iliyotoboka unayoijua wewe. Nilizungumza mno, na mtangazaji niliyekabidhiwa kwake akanibatiza Chiriku. Yeye mwenyewe watu walimwita Mtungi, kwa sauti yake ile nzito. Ndiyo, Mtungi wako huyo huyo, mzee anayestaafu na kuagwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu.

Enzi zile kitufe cha kipaza sauti kilikuwa chini ya meza, kwenye goti la mtangazaji. Hapakuwa na mwingine wa kukifikia, labda awe na mkono wa kudokoa nyama kwenye chungu cha jirani.

Alhamisi moja alimaliza kusoma salamu za wasikilizaji, akaweka muziki, akajinyoosha kitini. Aliamini amekifunga kipaza sauti. Akaniambia, "Chiriku, hawa wasikilizaji wangu ni mbumbumbu. Ukiwasomea bei za viatu kwa sauti nzuri watalia machozi. Na hivi vikongwe vinavyotuma salamu kila wiki, kwani havifi?"

Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Nilimwonyesha kwa kidole. Akaitazama taa, akanitazama mimi, na nikaona jinsi mtu anavyochagua.

Mkuu wa kituo aliingia mbio, kitambaa cha kulia chakula bado kimechomekwa shingoni. Mtungi hakungoja kuulizwa. "Mzee, ni huyu binti. Namtania tu hapa, nikijua hatuko hewani, kumbe amepenyeza mkono akafungua. Nimemwonya mara ngapi? Kidole chake hakitulii." Nyuma ya kioo fundi mitambo aliona kila kitu. Akainama kutafuta waya ambao haukuwa umepotea.

Jioni ile kituo kiliomba radhi hewani kwa utundu wa mwanafunzi. Chuo kikanitoa kwenye utangazaji kikanihamishia ualimu. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto wa watu kusoma kwa sauti. Wale watoto siwajutii. Nalilia kile kipaza sauti. Na kila asubuhi babu yako alipofungulia redio, Mtungi aliingia jikoni kwangu akaketi, akala nasi. Nilimtumikia mtu yule miaka yote ya ndoa yangu bila yeye kujua.

Sasa sikiliza ungamo lenyewe. Wewe ulitaka kwenda gazetini. Mimi ndiye niliyekung'ang'aniza redio, nikakusifia kituo kile mpaka ukakubali. Nilikutuma kama mtu anavyoficha kisu ndani ya mkate. Na ule mzaha wangu, kwamba siku moja umwachie yule mzee kipaza sauti wazi tusikie anavyotusengenya, haukuwa mzaha. Niliurudia kila ulipopiga simu, nawe ukidhani ni utani wa bibi. Nilikuwa nakunoa.

Juzi ukapiga ukicheka. "Bibi, nimepata! Ijumaa ya kumuaga, meza ya mitambo ni yangu. Na siku hizi kitufe kiko upande wetu. Nitamwachia wazi, Bibi, ufe ukicheka!" Nilicheka nawe mpaka mama yako akaja na maji. Nikalala na furaha ambayo mgonjwa wa dini yoyote hapaswi kuwa nayo.

Kesho yake mama yako alikuwa ananisuka, kichwa changu kikiwa kwenye mapaja yake, ndipo neno lako moja likanirudia. Kitufe kiko upande wenu. Mimi walinifukuza kwa kidole ambacho hakikugusa kitu. Wewe kitakuwa kidole chako kweli. Mtungi atanyoosha mkono kuelekea kwenye kioo, atasema ni huyu mwanafunzi, na safari hii atakuwa anasema kweli! Angenimeza mara mbili, na mara ya pili mimi mwenyewe ndiye niliyempakulia.

Basi usiguse kitufe. Nakusihi kama bibi yako, na ukitaka nakuamuru kama mwalimu. Nisamehe kwa kukutuma vitani bila kukuambia kuna vita.

Ila usije ukadhani nimelainika. Watu wa dini wamepita hapa kunihimiza nisamehe wote kabla ya safari. Nimesamehe wengi, hata jirani aliyeninyima ngazi paa likivuja. Yule mmoja nimemwacha pale pale alipo. Unasema ni mzee mpole, anakuvutia kiti, anakuita binti yangu. Mimi pia alinivutia kiti, na aliniita binti yangu hadi ile Alhamisi.

Fanya hivi. Ijumaa hiyo mwombe fundi mkuu akupange mapokezi. Mwambie tumbo linakusumbua, tumbo halina shahidi. Kaa kwenye benchi mbele ya watu wote, mikono juu ya mapaja, ionekane. Ulisema kuna redio juu ya mlango. Isikilize hiyo.

Watafungua simu ili wasikilizaji wamuage. Mama yako atanibonyezea namba na kunishikia simu sikioni. Nimemwambia nataka kumtakia mzee yule heri, naye amefurahi, anadhani mama mkwe wake anaiva kwa wema. Uongo huo pia ni wangu, uweke kwenye fungu langu.

Sitamtukana. Nitamsalimu kwa adabu zote, kama wanavyosalimu wale vikongwe alioshangaa mbona hawafi. Kisha nitamwambia, mimi ni Chiriku, mwanafunzi wako. Ile Alhamisi, kitufe kilikuwa kwenye goti la nani? Halafu nitanyamaza. Wewe umeshajifunza kimya kilivyo redioni, jinsi kinavyomvua mtu nguo. Acha akijaze yeye. Ndiyo akiba yangu ya pumzi hiyo. Nimekuwa nikiufanyia mazoezi ukuta, na ukuta hadi sasa haujapata jibu.

Kitu kimoja kinanitisha: asije akawa amenisahau. Nimembeba mtu huyu maisha mazima, na huenda yeye alinitua siku ile ile kabla ya kufika nyumbani. Hata hivyo nitauliza. Akisema hanikumbuki, watu wote watamsikia akisema hivyo kwa sauti yake ile nzuri, na walio hai waliosikiliza ile Alhamisi watajaza wenyewe.

Na iwapo nitatangulia kabla ya Ijumaa, usinifanyie kazi hii. Wala usimweleze yeye, wala usimvizie. Kisasi changu sikukuandikia wewe. Nyumba ni ya baba yako, cherehani ni yako, hiki nizikwe nacho.

Nisalimie shangazi yako, umwambie shuka alizonitumia ni laini mpaka naogopa kuzilalia. Msalimie mumewe akiwa macho, ukibahatika. Wale pacha wabusu wote wawili, hata yule anayeng'ata. Baba yako anakusalimu, anataka kujua kama umepata viatu vya mvua. Mama yako anakusalimu, na kwa jinsi anavyochungulia mlangoni nadhani anataka kujua naandika nini kirefu hivi.

Mungu akulinde na kila mwenye sauti nzuri. Akupe kipaza sauti chako mwenyewe siku moja, na kidole kitakachojua lini kikiguse na lini kikiache.

Ijumaa ukisikia kikongwe amepiga, kikohozi kimetangulia, usiinue uso na usicheke. Tulia hapo kwenye benchi mpaka muda wa kazi uishe, na ukifika kwa shangazi, ufunge mlango, ndipo ucheke kwa niaba yangu, maana mimi sitakuwa na pumzi ya kucheka.

Akupendaye kuliko anavyomchukia yule,

Bibi yako,
Chiriku