Usiing'oe Chai ya Mama

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana kutoka huku Uingereza kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje? Umeanza kuvaa ile sweta niliyotuma, au bado umeiweka ya kwendea kanisani? Na ng'ombe, amezaa? Mimi ni mzima. Mafua yalinishika kidogo lakini yameniachilia. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatuwezani. Nasema neno, unauliza "Ati nini?", nalirudia kwa kelele hadi majirani wa huku wanagonga ukuta, halafu unasema "Sawa, sawa," na ninajua hujasikia kitu. Karatasi haihitaji masikio. Isome polepole. Miwani iko kwenye dirisha la jikoni, pale unapoisahau kila siku.

Muchiri ameniletea swali lako, na ndugu yangu huyo unavyomjua, hata sauti yako aliiigiza. "Muulize dada yako kama ako na furaha huko. Kama ako nayo, akae. Mimi nitang'oa ile chai ya marehemu mama yake nipande avokado. Siwezi kuendelea kuiangalia ikigeuka msitu." Baba, swali hilo limenikalia kifuani. Mkataba wangu wa kazi unakaribia kuisha, na wakubwa wa hapa wanataka nitie sahihi mwingine. Nilikuwa nimeshaishika kalamu. Nikaona heri nikujibu wewe kwanza.

Nikikuambia huku hakuna raha nitakuwa mwongo. Maji moto yako kwenye bomba, stima haipotei, na hii nyumba ya wazee ninayofanyia kazi inang'aa kila kona. Siku ya mapumziko nalala mpaka nichoke kulala. Namshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini zamani nilidhani raha na furaha ni mapacha, na sasa naona hata ukoo si mmoja.

Kuna bibi mmoja ninayemhudumia hapa, anaitwa Bi. Edith. Kila alasiri anaagiza chai, namletea, na haigusi. Chai yenyewe ni ya kifuko, imemwagiwa maziwa baridi, Mama angeiona angewapa kuku. Nilidhani haimpendezi. Nikabadilisha majani, nikaongeza sukari, bado haigusi. Siku moja nikamuuliza kwa nini anaagiza kitu asichokunywa. Akanishika mkono. "Nikisema nataka mtu wa kukaa nami, wote hawana nafasi," akasema. "Nikisema nataka chai, mtu lazima aje. Na akija lazima angojee kikombe." Tangu hapo nakaa naye mpaka chai ipoe kabisa. Msimamizi wangu analalamika kwamba mimi ni mzito wa miguu, nami namwacha alalamike.

Ni pale kando ya kitanda chake ndipo kiliponirudia akilini kile kituo cha kupimia majani ya chai, Baba. Unakumbuka nilivyokuwa nikitoka shule nampelekea Mama maji pale? Nawakuta akina mama wameshamwaga vikapu vyao juu ya magunia, wanachambua yale majani magumu wayatupe, karani ameegemea mizani yake amesinzia, na wote wanangojea lori la kiwanda. Lile lori halikuwa na saa. Lilizama kwenye matope, lilipata pancha, dereva alikunywa chai kila mahali. Mama alilisengenya hadi kwenye maombi ya nyumbani: "Na ee Bwana, kumbuka lile lori." Wakati huo Mama anafungua mkebe wake wa githeri, mahindi na maharagwe, naye Mama Chebet, jirani yetu Mkipsigis wa ng'ambo ya kijito, anatikisa kibuyu chake cha mursik, maziwa yale ya mgando yaliyolala na majivu, kisha wanabadilishana. Mama Chebet alisema githeri yetu sisi Wakikuyu inahitaji meno ya kuazima. Mama alisema akinywa mursik Kikipsigis kinamtoka chenyewe. Kicheko chao kilisikika mpaka kule barabarani kwa stesheni ya zamani.

Basi siku moja barabara ilikuwa imekauka na lori likafika mapema, jua likiwa bado juu. Mimi nilidhani watapiga vigelegele. Wakatazamana tu. Mama akasimama, mikono kiunoni: "We dereva! Leo unafukuzwa na nani?"

"Hiyo gari irudi kwanza kule imetoka," Mama Chebet akadakia. "Sisi hata hatujamaliza stori!"

Majani yakapimwa, wakatawanyika. Mama alifika nyumbani mapema, ile nafasi ya kupumzika aliyoililia kila siku akawa nayo, akaketi mlangoni na kanga yake mapajani. "Leo siku imeharibika," akasema. Nilimcheka sana. Sasa simcheki tena. Walilalamika kuhusu kungoja miaka yote, na furaha yao yote ilikuwa mle mle ndani ya kungoja, na sisi hatukujua.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Nina raha huku, na nina kazi ya heshima. Furaha sina, Baba. Ninaipata kidogo pale chai ya Bi. Edith inapopoa, na hata hiyo inanikumbusha nyumbani mpaka nalia bafuni. Mkataba sitautia sahihi. Najua unapenda kuwaambia wazee wa kanisa kwamba msichana wako yuko ng'ambo, na najua watu watasema nimefukuzwa. Waache, kinywa ni jumba la maneno. Wewe waambie tu yuko shambani.

Bi. Edith nimeshamwambia. Akauliza kama lile lori nililomsimulia bado linachelewa kwetu. Nikamwambia natumaini hivyo.

Sasa Baba, chai ya Mama usiing'oe. Ipogoe. Unakumbuka mara ya kwanza alipoipogoa? Wewe mtu wa duka, chai uliijua ikiwa ndani ya kikombe. Ulikuwa umeenda matanga Nyeri, ukarudi ukakuta shamba zima ni vijiti vinavyofika magotini. Hukuingia hata nyumbani! Ulienda mbio kwa chifu kushtaki kwamba adui amekuingilia na panga, na chifu, ambaye shamba lake mwenyewe lilikuwa limepogolewa wiki ile ile, alicheka mpaka akashika ukuta. Mama aliisimulia hiyo kituoni hadi wote wakaijua kama sala ya Baba Yetu.

Lakini mimi nakumbuka kilichofuata. Kila asubuhi ulitoka na kikombe chako ukaenda kuvitazama vile vijiti, huku ukijifanya unaangalia ua. Mpaka asubuhi moja tukasikia unaita: "Kujeni! Kujeni muone!" Ulikuwa umepiga magoti kwenye umande na suruali yako ya dukani, unatuonyesha kichipukizi kidogo kuliko ukucha. Sijawahi kukuona na furaha kama ile, hata siku ulipofungua duka.

Basi mwambie Muchiri anoe panga, na duka walifunge siku hiyo. Yale matawi atakayokata ayalaze juu ya mashina yasichomwe na jua, Mama alivyokuwa akifanya. Mashina yakichipua, majani ya kwanza tutayachuma pamoja, mimi na wewe, na goti lako tutalitafutia kigoda.

Nisalimie Muchiri na mke wake, na watoto wao wanaonijua kwa picha tu. Nisalimie Mama Chebet, umwambie Chamgei, ile salamu ya kwao, na kibuyu akisafishe maana nakuja na kiu. Na yule chifu mstaafu, kama bado anacheka, msalimie pia.

Mungu akulinde hadi tuonane uso kwa uso.

Ni mimi binti yako,
Wangari

Vile vijiti vikikutia hofu, Baba, ngojea tu. Usiende kwa chifu. Niko njiani.