Karai la Bibi

Kaka Yusuf mpendwa,

Kabla hata ya salamu, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: aliyekuwa akimaliza maganda kwenye karai la bibi si mbuzi, ni mimi.

Assalaam aleikum. Hamjambo hapo nyumbani Wajir? Kifua cha mama kimepona? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ingawa tangu askari watukusanye katika kijiji hiki chenye ua wa miiba, nje ya Garissa, na kuichukua mifugo, maziwa hatuyaoni.

Bibi hakuacha mazoea. Kila jioni anamwekea Adey, yule mbuzi wake mweupe ambaye yeye anaamini aliwatoroka askari, maganda ya ndizi na ya matikiti na makapi ya chai kwenye karai mlangoni. Mimi niliona yanaoza bure. Basi kila alfajiri niliyachukua, nikayafukia pamoja na majivu nyuma ya nyumba, kama mwalimu alivyotufundisha shuleni. Ule mchanga uliokuwa haushiki maji sasa ni mweusi, na kunde zimeota. Nilidhani bibi, kwa macho yake yale yenye ukungu, hatatambua.

Kumbe alipapasa karai tupu, akafurahi. "Adey anakuja!"

Jirani yetu, Mama Halima, akamcheka. "Ayeeyo, bibi yangu, mbuzi gani huyo haachi hata kinyesi?"

"Ana adabu kuliko wanao."

Hapo ndipo ningesema. Nikaona haya.

Juma lililopita alichukua fimbo akaenda langoni, amfuate Adey porini. Askari akamrudisha: "Mama, ukitoka bila kibali utapigwa risasi." Njiani akaninong'oneza kwamba atapenya upande wa pili wa ua.

Niliogopa, kaka. Nikaacha kuyachukua maganda. Siku ya kwanza karai lilibaki limejaa. Siku ya pili lilikuwa na inzi. Siku ya tatu bibi aliingiza mkono, akasema, "Basi amekufa." Akalia kilio ambacho hakukilia hata siku walipoliswaga kundi zima. Alipomaliza akanisukumia karai. "Kayafukie."

Nisalimie mama, shangazi msuka mikeka, na mwalimu wangu.

Barua hii isome peke yako, kisha uichome. Hata mama asijue, maana atamwambia bibi. Na bibi akijua ni mimi niliyeacha karai lijae, atasema basi Adey hajafa, na atatoka. Tafadhali, iwe siri yetu.

Mdogo wako akupendaye,
Sahra