Kitambaa cha Shati la Kaka

Jumamosi, usiku

Ni yule yule. Ncha ya sikio la kushoto haipo. Ndiye punda aliyempiga kaka teke la kifua tulipokuwa tunashusha kahawa, mzigo ulipolegea naye akapita nyuma kuukaza. Baada ya mazishi baba alimuuza kwa watu wa Saza, tusimwone tena.

Leo nimemkuta njia ya gulioni, katikati ya msafara wa mahindi, mkia mtupu. Huku kwetu Ileje punda mwenye teke hufungwa kitambaa chekundu mkiani na hutembea wa mwisho. Mtoto mdogo anajua hilo. Na nyuma yake, karibu kabisa, alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni.

Nikamvuta yule mama pembeni. Nikamwambia mwenye punda, "Baba, huyu anapiga. Ndiye aliyemuua kaka yangu."

Akacheka. "Binti, umemfananisha. Nimemnunua hana kitambaa, kama unavyomwona."

 Jibu nilikuwa nalo, ila...

Nikachana kilemba changu chekundu, nikampitia ubavuni, mkono mgongoni mwake, nikamfunga. Alitulia kabisa, kama ananikumbuka.

Kitambaa chake cha zamani kipo hapa, msumarini, mbele yangu. Kaka alikichana kwenye shati lake mwenyewe. Siku ya kumuuza punda, mama alikifungua, abaki na kitu cha mwanawe. Miaka yote tunakitazama na kulia.

Huko Saza, nani alipita nyuma yake?