Harufu ya Maziwa

Biryogo, Alhamisi, Agosti 1975

Shangazi yake Hamisi, mchumba wangu, anakuja kesho kunisuka kwa ajili ya harusi, na mimi leo nimeunguza nywele.

Sikutaka azikute zimejikunja hivi. Yeye ndiye anayesuka mabibi harusi wote wa mtaa huu, na akimaliza husimulia kila alichokiona kichwani. Basi nikaweka kitana cha chuma kwenye makaa. Kwa haraka zangu sikukijaribu kwanza kwenye gazeti. Fungu zima la mbele likabaki kwenye kitana.

"Iko nini inaungua?" Mama akauliza toka chumbani.

"Maziwa."

Nikajifunga mtandio, joto lote hili. Watasema nina ugonjwa. Na Hamisi akisikia, je...

Baada ya kuswali isha, Mama akaniletea mafuta ya nazi. "Paka hapo mbele. Maziwa hainuki hivyo." Akasema kesho atamwambia shangazi kwamba kwetu bibi harusi husukwa na mama yake mwenyewe.

Kwetu hakuna desturi hiyo. Dada zangu wote wawili walisukwa na shangazi huyo huyo.