Matawi Yenye Uzi Mwekundu

Jumamosi, 8 Februari
Nimepogoa vichaka vya beri nyeusi vya mama mkwe. Amepasuliwa jicho, daktari kamkataza kuinama, basi kazi nimeachiwa mimi. Mimi, fundi cherehani! Alinielekeza akiwa kitandani: nilishafunga uzi mwekundu kwenye matawi, wewe fuata uzi. Nimefuata. Mikono yote imechanika kwa miiba. Lakini ameniachia kitu chake, mara ya kwanza tangu niolewe. Nimefurahi, sifichi.

Jumapili, 9 Februari
Nimekwisha.
Nilipompelekea chai aliuliza, yale yenye uzi umeyafunga vizuri kwenye waya? Nikasema ndiyo. Ulimi ulitangulia akili. Kumbe uzi ulikuwa wa kubakiza! Beri huzaa kwenye tawi la mwaka jana, likishazaa ndipo hukatwa. Kwangu mimi, kwenye kitambaa, palipotiwa alama ndipo mkasi unapopita — miaka kumi na mitano hivyo hivyo. Nimekata mavuno yote ya mwaka huu, nikaacha makavu. Na vichaka hivi alivipanda na marehemu baba mkwe.

Jumatatu, 10 Februari
Nimemwambia mume wangu. Kwanza alicheka. Anasema nisiseme kitu, mama akilia jicho litaharibika. Labda. Au anamwogopa mama yake kuliko ninavyomwogopa mimi.
Nimechoma matawi nyuma ya banda. Mabichi, moshi mtupu.

Jumatano, 12 Februari
Bandeji imetolewa. Alikwenda moja kwa moja bustanini, akasimama pale muda mrefu, anapapasa vishina. Mume wangu akawahi: ni mbuzi wa seremala, mama, aliingia Jumapili. Mimi nipo hapo hapo. Sikukanusha. Mbuzi gani anakata mshazari, tawi baada ya tawi? Ila jicho bado lina ukungu. Ameamini.

Alhamisi, 13 Februari
Hajala. Mchana alikwenda kwa seremala, jirani wa miaka yote, aliyemchongea nguzo za vichaka hivyo hivyo. Seremala anasema mbuzi wake alikuwa kafungwa. Mama kamwita mwongo mbele ya wateja. Mume wangu ghafla ana kazi nyingi ofisini. Naona aibu mpaka nashindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Jumamosi, 15 Februari
Naandika haraka, chumba cha cherehani. Seremala yuko uani, kamleta mbuzi kwa kamba. Anasema: kama kweli alikula, mchukueni, mchinje, yaishe. Lakini nani alimwona?
Mama kanigeukia mimi. Mume wangu anaangalia viatu vyake.
Nimesingizia kutafuta miwani. Njia ya mwongo ni fupi, nimewaambia wanangu mara ngapi. Nikisema sasa, namwumbua mume wangu mbele ya jirani. Nisiposema —
Mama mkwe ananiita tena. Miaka sita nimekuwa "mke wa mwanangu". Leo anasema: njoo, binti yangu, mwambie mwenyewe kama ulimwona huyu mbuzi. Wewe huwezi kunidanganya.